Mizani

Mama hupima sambaza sokoni Kadutu,
jiwe upande huu, samaki upande ule,
na kidole gumba chake hakigusi kitu.
Mizani nilijifunza pale, kabla ya kompyuta.

Usiku, saiba ya Papa Bashige, mlango wa bati,
tunaingia watano, kila mmoja na mwili aliouchagua.
Mugisho ni ngao tu. Anasimama mbele ya joka
kama ukuta wa mawe unaozuia mlima usiporomoke,
ila upanga wake haukati hata mchicha.
Ntwali na Ciza ni moto mtupu,
ukiwapuliza, wanazimika.
Nabintu yuko kwao Bagira, kompyuta ya kaka yake,
yeye huponya; hajawahi kuua hata panya.
Nami?
Nilichagua chotara: nusu upanga, nusu dawa.
Naponya kidogo, nakata kidogo,
na jina langu huja la mwisho kwenye kila orodha.

"Mshika mbili," alisema Mugisho akitafuna karanga.
Hakumalizia. Methali hiyo haihitaji mkia.

Sikumjibu. Asubuhi yake nilikuwa na redio ya jirani ya kutengeneza,
adhuhuri beseni la mama, ngazi za udongo, mvua,
jioni hesabu za watoto watatu, franga mia tano kila kichwa.
Katika mji huu simjui mtu wa kazi moja
anayekula mara mbili.

Ikawa Jumanne. Joka limebakiwa na robo ya damu.
Umeme ukakatika Bagira.
Nabintu akaganda, mkono juu,
mwanga wa dawa kiganjani, haushuki.
Ntwali akaanguka kwanza.
Wakageuza viti, hata Mugisho,
wakanitazama mimi, si kioo.

Nikashusha upanga.
Dawa yangu ilikuwa kijiko kwenye kiu ya punda:
nikampa Mugisho, nikamnyima Ciza,
nikampa Mugisho tena.
Ciza alikufa akinitukana kwa Mashi, taratibu, kwa ufasaha.
Nikauokota upanga. Nikaushusha. Nikauokota.
Vidole vilinuka sambaza na risasi ya kuchomelea.

Joka likabaki na sehemu mbili katika mia.
Tukafa wote.
Lakini tulikufa dakika nne
baada ya wakati tuliostahili kufa,
na Papa Bashige, ambaye hachezi, alikuwa amesimama nyuma yetu
amesahau kudai pesa ya saa ya pili.

Wiki iliyofuata wenye mchezo, huko waliko,
wakatangaza kwamba wamesawazisha:
dawa ya machotara imepunguzwa kwa moja ya tano,
maana tunafanya mengi mno.
Mugisho alicheka mpaka karanga zikamtoka puani.
Nabintu akaandika mstari mmoja tu:
*Usibadilishe mwili. Umeme utakatika tena.*

Jumamosi nilikaa kando ya mama.
Mteja alinung'unika, eti kilo haijatimia.
Mama akaongeza samaki mmoja; mkono ukazidi.
Akamtoa, akamkata kichwa, akamrudisha bila kichwa.
Tukausubiri mkono utulie, sote watatu.
Haukutulia. Haujawahi.
Mteja akalipa, akaenda zake,
na mama akanipa kile kichwa, nikala.