Kipande cha Kumi na Saba

Saa nane usiku, maabara ya Legazpi.
Marivel anakibana kipande cha kumi na saba
kati ya taya mbili za mashine:
nyuzi za abaka ndani ya gundi iliyoganda,
umbo la mfupa, wembamba wa biskuti.

Abaka, mgomba usio na ndizi za kula.
Babake, Crisanto, ameuparua miaka arobaini
kwa kisu chenye meno, kule Catanduanes,
na tufani ikipita huhesabu mashina yaliyosimama
kabla ya kuhesabu mabati.

Mashine inavuta. Mstari unapanda kwenye skrini,
unanyooka, hauna haraka,
kisha, ka!
kama mtu aliyevunja mua gizani.

Anachukua kioo cha kukuzia.
Nyuzi hazikukatika.
Zimechomoka nzima, zinang'aa,
zimeacha vishimo safi kwenye gundi
mfano wa ufizi uliong'olewa meno.
Kumbe nguvu ilikuwepo.
Kilichokosekana ni kushikana.

Anaandika: zichemshwe kwa magadi, nta itoke,
zikwaruzike, gundi ipate pa kung'ata.
Kalamu inasita.
Anavikumbuka viganja vya Crisanto,
alivyomshika mkono kuvuka mto uliofurika
na kamwe hakumponyoka,
kwa sababu ya sugu zilezile
alizozionea haya siku ya mahafali,
akampa babake glavu nyeupe
avae kwa ajili ya picha.

Nje mvua imeanza.
Anakibana cha kumi na nane.