Ua Asilolifikia

Bi Doreen hasikii. Tangu homa ya utotoni hasikii
kengele ya kanisa, wala treni ya Leeds,
wala mimi nikipiga hodi uzioni, mikono imejaa fremu.
Lakini akiweka kiganja ubavuni mwa mzinga
anajua malkia yupo, au wameachwa yatima.
Mara mbili nilimbishia. Mara mbili tulifungua.
Sibishi tena.

Kwetu Sikonge mizinga ni magogo, hutundikwa mitini,
na baba alitufundisha sikio: usiku, tulia, sikiliza.
Hapa Todmorden ni masanduku meupe kama friji,
nyuma ya mfereji, na mvua inanyesha
kama mtu anayesimulia jambo asilotaka kulimaliza.
Usiku nafunga biskuti kiwandani. Jumamosi nambebea mizigo.
Lugha moja hatuna. Tuna vidole,
tuna penseli na migongo ya risiti.

Juni aliinua fremu, akaelekeza kwa unyasi:
yule pale.
Nyuki mmoja katikati ya umati
anatikisa kiuno, anakata mstari, anazunguka kulia,
anarudi, anatikisa, anazunguka kushoto.
Doreen akachora jua juu ya risiti ya mkate. Akachora pembe.
Akahesabu kwa kidole begani mwangu: moja, na nusu.
Kilomita na nusu, upande wa reli,
kule miiba ya beri imechanua.
Na mzingani ni giza, kumbuka. Wenzake hawamwoni.
Wanamfuata kwa papasi, wanamwomba tone,
naye anawapa mbochi kutoka kinywani:
msiniamini, onjeni.

Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kiwandani:
kuna anayedanganya?
Akacheka, kicheko kikubwa asichokijua ukubwa wake,
akachukua penseli. Ile risiti ilikaa mfukoni mwangu wiki nzima:
Hachezi ua asilolifikia.

Mimi nimecheza.
Miaka minne, kila Jumapili, kwa simu,
nimecheza nyumba yenye ngazi,
nimecheza bustani (ya jirani, nilipiga picha haraka),
nimecheza gari, hata rangi yake.
Fuata nyuki ule asali, tuliambiwa.
Hatukuambiwa nyuki yupi.
Na sasa Shija ameuza ng'ombe wawili.
Shija anauliza njia.

Yupo mwingine. Nilionyeshwa Agosti,
tulipopandisha mizinga mlimani kwenye maua ya zambarau.
Huyu ametoka uani na jeraha; buibui alikuwa anangoja.
Hakai pembeni kulalamika. Anaingia katikati ya ngoma,
anamgonga mchezaji kwa kichwa, kimlio kifupi, pii,
acha.
Mchezaji anasita. Halafu anaendelea.
Anagongwa tena.

Sijui mimi ni yupi. Ua lipo, jamani, sisemi halipo:
ada ya Tabu imetoka kwenye biskuti hizi.
Na buibui yupo.

Jumapili nilikalia ndoo iliyopinduliwa, kati ya mizinga.
"Kaka, kelele gani hiyo?"
"Nyuki."
"Una nyuki!"
"Si wangu."
Hapo ndipo ulimi ulipofunguka.
Nikasema chumba. Nikasema kitanda
ninachokilalia mchana, Florin anakilalia usiku.
Nikasema mkono ulioungua kwenye tanuri, na kodi, na Januari
jua linavyochungulia kama mdai aliyekosea mlango.
Nikasema pia mshahara, wote, mpaka senti.

Kule Sikonge, kimya. Nikasikia jogoo, mlango, jogoo tena.
"Rudia," Shija akasema. "Rudia polepole, naandika."

Sikumsikia Bi Doreen akija.
Aliweka kiganja mgongoni mwangu,
katikati ya mabega, kikiwa bado na nta,
akafumba macho.