Kuwa Na

Jumanne, saa moja usiku, na hapo tu tumeshapotea,
kwa kuwa wao wanaiita saa saba
na Wendell Friesen ameutazama mkono wake mara tatu
kama mtu aliyeibiwa saa sita.

Tuko chini ya maktaba, Moose Jaw, jirani na boila.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji imeyafika madirisha shingoni.
Wanafunzi wangu ni watatu. Wanne, ukihesabu boila,
ambayo hukohoa kila nitamkapo ng'ombe.

Wendell alilima ngano miaka arobaini.
Daktari kamshauri ajifunze lugha, yoyote ile,
akili isije ikamtoka kama ilivyomtoka mkewe.
Orysia Hnatiuk alinunua kamusi kwa dola moja
kwenye mnada wa vitu vya jirani aliyefariki,
akaona haya kuiweka bila kuitumia.
Tansy ana miaka kumi na tisa, anahudumu mkahawani.
Hajasema sababu yake, nami sijamuuliza.

Leo nimewapa kaa.
Kaa kitini. Kaa siku mbili. Kaa la moto. Kaa wa pwani,
yule aendaye upande kama shahidi wa uongo.
Tansy anachora kaa aliyepanda juu ya kaa,
anauliza, ataungua?
Akikaa, nasema.
Nacheka peke yangu.

Ukurasa wa kumi na nne, zoezi la pili: Je, umeolewa?
Zamu ya Orysia. Miaka sabini na mmoja,
aliishi na dada na paka, sasa na paka.
"Hapana," anasoma.
Namwambia hapana hapa inasikika vibaya,
kama mlango uliobamizwa usoni pa mgeni.
Sema bado.
"Bado?"
Bado.
Anavua miwani, anacheka mpaka machozi.
"Mama yangu angewapenda sana watu wenu."

Pole nayo inawasumbua.
Kwao ukisema sori umemkanyaga mtu.
"Umeanguka kwenye barafu," asema Wendell,
"mimi nilikuwa kwangu nakula viazi.
Nikuombe radhi ya nini?"
Usiniombe. Niambie tu kwamba umeona nimeanguka.
Anaandika kitu, anakifuta.

Kisha anarudi kwenye lake la wiki jana.
Kumiliki ameliona kwenye kamusi, lakini hilo, anasema,
limevaa suti, linanukia wanasheria.
Anataka lile dogo, la kila siku, la kusema
kitu hiki ni changu, ninacho mkononi.
Hatuna, nasema, na papo hapo najisikia:
hatu, na. Sisi si pamoja nalo.
Ukiwa na njaa, wewe na njaa mko meza moja.
"Kwa hiyo gari langu sijalishika? Niko nalo tu?"
Uko nalo.
"Na benki?"
Benki nayo iko nalo.
Hapo ndipo walipoelewa wote.

Karatasi yake ya mazoezi, kwa penseli, herufi zimebanana:
Nina gari. Nina ngano kidogo. Nina goti baya.
Nina mke. Hana mimi.
Kalamu nyekundu ilishainuka, kwa mazoea tu.
Nikaitia kifuniko.
Kuna sahihisho la sentensi ile, nalijua,
ningeweza kuliandika ubaoni nikiwa usingizini.

Saa tatu, au tisa, shauri yao.
Basi langu la mwisho linapita bila mimi.
Maegeshoni Wendell anazungusha ufunguo, gari linakoroma,
linazima.
Limewaka? nauliza.
"Bado."
Orysia anapiga boneti kwa glavu, anasema pole,
analiambia gari, si mwenyewe.
Tansy amevuta kofia hadi nyusi, pumzi yake nyeupe,
anayejua njia ya kwao ni yeye, na haendi.
Tuko nalo.