Ukoko

Walinituma na chupa tatu na daftari,
Jumanne, mvua ya Islay ikinyesha kimshazari,
kwa Beathag MacIndeor, mwoka keki,
aliyefua sweta zenye moshi miaka arobaini na mitatu
na hakuwahi kuonja tone.

Meneja alisema: "Atutafutie kitamu
kitakachokaa na wiski mdomoni bila kugombana.
Wageni wanakuja Mei."

Nikamimina.
Rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.
Akanusa, akairudisha glasi mezani upesi,
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.
"Hospitali," akasema. "Bandeji.
Kamba iliyopakwa lami."
Akanusa tena.
"Na Torquil, anaingia na buti zake
kwenye sakafu niliyoipiga deki sasa hivi."

Nikaandika: hospitali, bandeji, kamba.
Torquil sikumwandika.

Yeye ndiye aliyekuwa akikata mboji.
Kila Aprili alishuka kinamasini na sepeto jembamba,
akachomoa matofali meusi, mororo kama ini,
akayaegemeza mawili mawili yakauke kwa upepo.
Majani yaliyokufa kabla hapajawa na kanisa,
kabla hapajawa na jina la kisiwa,
yakaja kufukiza shayiri yetu.
Moshi huo ndio tunaouuza, kwa bei.

Tukaanza.
Asali ya mlimani: ikanywea, haikusema neno.
Biskuti ya siagi: mgeni asiyejua lugha,
anatabasamu tu.
Chokoleti nyeusi: mafahali wawili, zizi moja;
nilikohoa hadi machozi yakanitoka.
Tangawizi ya sukari: moto juu ya moto,
Beathag akacheka, akafungua dirisha,
mvua ikamrudisha.
Tende iliyobaki Krismasi: karibu, karibu sana,
kisha utamu ukatangulia mlangoni
na moshi ukabaki nje na kofia yake mkononi.

Jikoni sufuria ilikuwa motoni,
kashata yao ya maziwa, sukari, siagi na maziwa ya kopo,
kitu kisichotaka umpe mgongo.
Alikuwa akikoroga na kuongea,
kukoroga na kuongea,
hadi alipofika kwenye Novemba ile,
sepeto lililokutwa limesimama peke yake,
na mkono ukasahau mwiko.

Harufu ndiyo iliyotuamsha.
Alilaani kwa Kigaeli, laana ndefu yenye vituo,
akamimina ya juu kwenye sinia.
Chini kulikuwa na ukoko,
mweusi pembeni, katikati rangi ya farasi.
Sijui kwa nini aliukwangua.
Labda kwa ubahili; anautaja mwenyewe ubahili wake.
Akautia kinywani, ukamlia kama changarawe,
akachukua glasi yangu, si yake,
akanywa.

Nilisubiri na kalamu.
Saa ya ukutani iko nyuma dakika kumi,
nikaisikiliza ikizidi kuchelewa.

"Hapa," akasema.
Akakwangua tena.
"Hapa hapa. Onja."

Nikaonja. Sukari iliyoungua ikakutana na moshi
na hapakuwa na kusalimiana,
zilijuana kitambo.
Kisha chumvi, mbali, kama mtu anayeita kutoka ufukoni,
kisha joto tu, likishuka bila haraka.

Nikaandika: *kashata ya maziwa, imeungua kidogo.*
Alikuwa anasoma juu ya bega langu.
"Futa 'kidogo,'" akasema.

Nikafuta.
Nilipoinuka kufunga chupa
alikuwa ameshika kizibo kwenye kiganja,
macho kwenye sinki, kwenye sufuria isiyolowekwa bado.
"Iache wazi," akasema.
"Meneja wako ana nyingine.
Iache ipande humu ndani mpaka asubuhi.
Kisha nitafua mapazia."