Kula Saa Yoyote

Kijitabu kilichowekwa juu ya mto wa kitanda
kinasema: kula upendapo, keti upendapo.
Mikahawa ni minane, mmoja haulali.
Ukiwa na mwenzio, meza ya wawili iko dirishani.
Ukiwa na watoto, pitsa iko kando ya bwawa.
Ukiwa na ukiwa,
kijitabu hakisemi.

Bibi Gunnvor Tveiten, chumba 6114,
alipanda Bergen na sanduku moja la kahawia
na saa ya kiume iliyomlegea mkononi.
Siku ya kwanza alikuja saa kumi na moja kamili jioni,
meza zote tupu, vijiko bado vina joto la kuoshwa.
"Torleif hula saa kumi na moja," akaniambia,
kama mtu anayetoa kitambulisho mlangoni.
Miaka arobaini na minne: samaki, viazi, saa kumi na moja.
Torleif alikuwa fundi wa injini za kivuko,
na kivuko hakingoji njaa ya mtu.

Mimi ni Rodelio, wa Iloilo,
sitaha ya tisa, meza ya ishirini hadi ya thelathini na mbili.
Uhuru huo nauhudumia, siuli.
Changu ni dakika kumi na tano chini ya mstari wa maji,
wali na samaki mkavu, nimesimama,
ukuta wa chuma ukinitetemekea mgongoni.
Kwa hiyo nilimwelewa.

Siku ya pili, saa kumi na moja.
Siku ya tatu, saa kumi na moja, tukiwa Geiranger,
maporomoko yakifurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
watu wote nje na simu zao juu,
yeye anachokonoa kiazi.
"Una njaa, mama?"
Akafikiri sana.
"Sijui. Sijawahi kuulizwa."

Ya nne sikuiona mwenyewe; nilihadithiwa na Yadira wa taa.
Ukumbi wa sitaha ya tano umejaa,
Dragomir wa mazingaombwe, ndani ya koti lake la vimetameta,
anatafuta mtu wa kujitolea.
Mikono ikajaa hewani. Akamchagua asiyenyoosha.
Gunnvor akalala sandukuni na soksi zake za sufu,
msumeno ukapita, sanduku likatengwa:
kichwa huku, miguu kule,
katikati pengo la mtu kupita.
Dragomir akapita.
"Unajisikiaje?" akauliza, kama awaulizavyo wote,
watu wameshatayarisha kicheko.
"Vilevile," akasema. "Tangu Februari, vilevile."

Hata kinanda kilinyamaza.
Dragomir, mwenye maneno mia kwa dakika,
aliyakosa yote.
Akaliunga sanduku polepole,
akamtoa kwa kumshika mkono,
akasahau kuwainamia watu.

Saa sita na robo usiku nafuta meza ya ishirini na tisa.
Akaingia, nywele zimetimka,
kimetameta kimoja kimemganda begani.
"Nina njaa," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeokota njiani kitu chake mwenyewe.
Menyu hakuifungua.
Keki ya chokoleti kwanza. Kisha supu ya kambakochi.
Kisha keki tena.
Na viazi? Akanitazama tu.

Alikula kama asomaye barua,
akirudi nyuma, akirudia mstari.
Nje, jua la Juni lilikuwa bado limekaa ukingoni mwa maji;
huko kaskazini nalo huzama likitaka.

Alipoondoka niliikuta ile saa chini ya leso.
Nikamkimbilia hadi kwenye lifti.
"Mama, umesahau."
"Sikusahau. Nimeipumzisha. Nitaifuata kesho."
"Saa ngapi?" nikauliza, mazoea ya kazi.
Mlango ukafunga kabla ya jibu.

Nikashuka chini. Wali wangu umepoa.
Dakika kumi na tano,
na Torleif mfukoni mwangu akizihesabu.