Kikata Kucha

Mkongo hauna haraka.
Mbegu yake nyeusi, kofia yake ya rangi ya chungwa,
imevaa koti ambalo mawimbi ya ziwa zima
yangelipiga, yakarudi Ukerewe makavu.

Mwaka wa kwanza nilipanda mia mbili, hivihivi.
Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni,
na wanawake wa Kayenze, wakianika dagaa, wakanichungulia:
"Nyanzobe, unamwagilia mchanga?"
Namwagilia mchanga, nikajibu. Ilikuwa kweli.
Miezi mitatu. Zikaota tano.
Tatu zikaliwa na kuku.

Mgunga ni rahisi kuuelewa:
chemsha maji, epua, yaache yapumue kidogo,
ndipo umimine mbegu (usizipike, si maharage),
funika, kalale.
Asubuhi zilizovimba zinaingia kwenye viriba,
zilizobaki kokoto zinarudi kwenye maji ya moto.
Mbuzi wa Kwandu hufanya kazi hiyo bila sufuria:
hula maganda, na kwenye samadi yao
huota miche ambayo hakuna aliyeilipia.

Lakini mkongo unataka chuma.
Msasa ulinichubua vidole kabla ya kuichubua mbegu.
Ndipo nikakumbuka kopo la biskuti juu ya kabati,
na ndani yake, kati ya risiti na betri zilizokufa,
kikata kucha cha Lugwisha.

Jumapili alikaa juu ya jiwe letu, uso kwa ziwa,
kucha zikiruka, tik, tik,
nami nafoka: utazifagia wewe?
Hakuzifagia hata siku moja.

Sasa naishika mbegu, naigeuza,
natafuta kovu lake, pale ilipoagana na ganda.
Huko usiguse, huko ndiko mche umelala.
Nahamia upande wa pili. Tik.
Kidonda cha ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti,
weupe unachungulia, basi, inatosha.
Ukizidisha umeua.

Holo, mtoto wa jirani, anauliza kama inauma.
Namwambia sijui.
Nakata nyingine.

Mwalimu wa Igombe anataka miche mia nne kabla ya vuli,
amelipa nusu, kwa maneno.
Usiku mbegu zinakunywa kwenye ndoo, kimya kimya.
Alfajiri natia mkono: zimenona, zinateleza,
zote isipokuwa moja.
Hiyo nimeiacha ilivyo.

Vigamba vyeusi vimezagaa juu ya jiwe.
Kwandu amepita, ameviona, amenitazama.
Sijavifagia.