Mpaka

Risasi pekee aliyowahi kuishika baba
ilikuwa ya kupangia maneno:
herufi nzito, zikimwachia vidoleni weusi
ambao mama alisema hautoki hata kwa limau.
Elbio Recarte, mpiga chapa, Montevideo.

Walipoanza kuwazoa wapanga herufi mmoja mmoja
alivuka mto kwa feri ya usiku,
akapata kazi Buenos Aires, kuchapa kadi za harusi
na lebo za mitungi ya jamu.
Akaandika: Hapa sijulikani. Nalala.

Alilala miezi kumi na mmoja.

Mama alimfuata mara moja, nami tumboni.
Forodhani wakamvua viatu,
wakalikata jibini vipande vinne kutafuta karatasi,
wakamwuliza kwa nani, kwa siku ngapi, kwa nini,
ndipo wakagonga mhuri.
Hivyo ndivyo mpaka ulivyo kwa mwenye jibini.

Waliokuja kumchukua baba hawakugongewa mhuri.
Mwenye nyumba aliapa kuwa walikuwa wa kwetu:
lafudhi ya kwetu, na mmoja wao
alikuwa na chupa ya chai kwapani na kibuyu cha yerba mkononi,
kama tutembeavyo sisi, wa ng'ambo wakatucheka.
Aliomba maji ya moto. Akashukuru.

Serikali hizi zilikuwa haziivi chungu kimoja.
Ziligombania samaki, ziligombania mpira,
ziligombania hata mwimbaji marehemu alizaliwa upande upi.
Juu ya baba yangu zilielewana kwa siku moja.
Nimeuona waraka. Ulikutwa nchi ya tatu,
katika stoo ya polisi, pembe moja imeliwa na panya:
Kifurushi kimepokelewa. Asanteni kwa ushirikiano.
Umechapwa vizuri. Nafasi kati ya maneno ni sawasawa.
Baba asingeirudisha kazi ile.

Mama hakusema hata siku moja, hakurudi.
Alisema, hajarudi.
Silabi moja tu,
naye akahamia humo na vyombo vyake
miaka arobaini na minane.

Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi za chama cha wapiga chapa
akamlipia baba ada.
Katibu Bolazzi alimkatia risiti bila kuinua macho;
alipokufa yeye, binti yake Nibia akashika kitabu.
Mitambo ikauzwa chuma chakavu, kompyuta zikaja,
na kwenye daftari baba akabaki
mwanachama hai.

Mimi nimetoa damu mara mbili.
Iko kwenye friji, upande wa pili wa mto, inangoja mfupa.
Nimempita baba umri kwa miaka kumi na saba;
nikiitazama picha yake natamani kumfunga kola.
Mwanangu huniuliza kwa nini lifti ikisimama
ghorofa yetu usiku, naacha kutafuna.
Nimwambie nini? Sikuwepo.
Nilikuwa bado sijazaliwa, na bado naacha kutafuna.

Yule wa chupa ya chai yu hai, themanini na saba.
Hakimu ameamuru afungwe nyumbani kwake
kwa sababu ya moyo.
Ana bustani. Nasikia anapanda nyanya.

Mama tulimzika Julai, na baridi.
Agosti nilipanda ngazi mimi.
Nibia alinitazama, akafungua kitabu cha risiti,
kile kile cha zamani, cha karatasi inayokwaruza.
Akaandika jina. Akaandika kiasi.
Kisha kalamu ikasimama juu ya mstari wa mwisho,
maneno mawili yaliyochapwa kwa risasi,
huenda na mkono wa baba mwenyewe,
na mbele yake nafasi tupu:

Amelipa mpaka